Upeo wa Zebaki

Nyumbani, 9 Mei

Mdogo wangu Baharia,

Kisanduku kimefika! Kimefika kizima, hata msumari haujalegea, na mimi tangu asubuhi sijafungua duka. Wenye saa zao wamegonga mlango mpaka wamechoka. Wacha wagonge. Saa zao zimesimama, hazina haraka.

Ngoja nikwambie ulichonunua, maana nakujua: umekiona mezani kwa muuza vikorokoro huko bandarini, ukasema hiki kitamfurahisha yule mzee, ukalipa, ukaenda zako. Mdogo wangu, hiki ni upeo wa bandia! Nimekitafuta miaka yote ninayokusanya vyombo vya mabaharia wa zamani. Sekstanti ninazo tatu, oktanti ya mbao nyeusi ninayo, saa ya baharini inayobembea ndani ya sanduku lake ninayo, lakini zote kwangu zilikuwa mapambo tu. Sekstanti hupima jua lilivyopanda kutoka pale bahari inapogusana na mbingu, na mimi dirishani kwangu naona ukuta wa jirani na nguo zake za ndani. Sasa basi. Unamwaga zebaki kwenye kitrei cha chuma, inatulia tuli kama kioo, unaliona jua la juu na jua la chini, unapima nafasi iliyo kati yake, unagawa kwa mbili. Bahari ya nini tena?

Na kimekamilika! Kitrei kipo, paa lake la vioo viwili la kukinga upepo lipo, chupa ya chuma ipo, na namba iliyogongwa kwenye chupa ndiyo ile ile ya kwenye paa. Zebaki ni ya tangu mwanzo, imejaa mpaka shingoni. Wenzangu walio na kitu hiki wana chupa tupu. Yule daktari wa meno anayekusanya dira alipoishika akaniuliza naiuza bei gani.

Tabu ilikuwa mahali. Dukani jua haliingii. Chumba pekee kinachopata jua la adhuhuri msimu huu wa baridi, linapopita chini chini, ni cha Mama. Nimemwomba, akasema, "Leta hicho kijua chako, labda na mimi kitanipasha." Basi nimekiweka juu ya stuli, hatua mbili kutoka kitandani kwake. Leo nimefungua dirisha, nimepima, nimelifunga tena baridi isimpate, nimekaa na hesabu. Unajua nimepata nini? Nyumba yetu! Maili moja tu kutoka pale ramani inapoiweka. Nilipiga ukelele mpaka Mama Pacha akaacha sufuria motoni akaja mbio, akidhani Mama kaanguka.

Mama mzima kama kengele. Anatafuna mifupa na kuwatukana watu wa redioni. Mama Pacha bado anamwogesha na kutupikia, na bado ananiambia kila siku kwamba nyumba hii ina vyuma vingi kuliko vijiko.

Adhuhuri ukipima jua huko uliko, ujue na mimi nalipima.

Kaka yako,
Kapteni wa Nchi Kavu

*

Baharini, 30 Mei

Kapteni wa Nchi Kavu, saluti!

Nimemsomea Kapteni wetu wa kweli pale pa jirani na nguo zake za ndani. Kacheka mpaka kavua miwani. Kasema ukitaka kazi uje, ila humu hakuna dirisha la Mama.

Kaka, nikwambie kitu ambacho tukiwa uso kwa uso siwezi kukisema. Kila nikikununulia chombo najua ninachofanya. Nakuhonga. Nakuhonga ukae na Mama ili mimi nisikae. Wewe hukuoa, hukuhama, hukwenda popote; mimi nilipata cheti changu cha ubaharia nikapanda meli bila hata kugeuka nyuma. Mabaharia wenzangu wakipata barua kutoka nyumbani wanasoma haraka haraka wakiogopa habari mbaya. Mimi nasoma polepole kwa sababu najua upo wewe. Basi ukisikia kisanduku kingine kinakuja, ujue dada yako moyo unamsuta.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba. Nikimaliza nakuja kukaa, nasema kweli safari hii, usicheke. Mwambie Mama anisubiri na meno yake yote, nitamletea mifupa ya kutosha.

Endelea kuniletea namba zako za adhuhuri. Nimeanza kuziweka kwenye ramani kwa penseli, karibu na njia ya meli. Na usinifiche chochote kuhusu Mama. Ukinificha halafu nikagundua, utanitambua.

Mdogo wako,
Baharia

*

Nyumbani, 18 Juni

Mdogo wangu,

Umesema nisikufiche. Haya.

Mama mikono inamtetemeka. Chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Fizi zinamtoka damu, na juzi jino moja lilidondoka ndani ya uji, akalitazama kama la mtu mwingine. Daktari kaja, kampiga piga mgongoni, kasema uzee, kaandika vidonge vya nguvu. Lakini kinachoniumiza si mikono. Ni haya iliyomwingia. Mama yule, aliyemfukuza mkusanya kodi kwa mwiko! Siku hizi mgeni akibisha hodi anajifunika shuka mpaka kichwani. Ukimsemesha machozi yanamtoka. Nikimuuliza unalilia nini, anasema hajui.

Sikumhamisha chumba kwa sababu jua ndilo linalomfariji. Kutwa nzima yuko pale na kitrei changu, anaitazama zebaki inavyong'aa. Siirudishi tena chupani kila siku. Kila ukiimimina, matone mawili matatu yanapotea, na nikifika robo chupa nitakuwa na kitu sawa na cha wengine. Inakaa hapo hapo chini ya paa lake, jua likiipiga, hita ikiwaka, dirisha limefungwa.

Palitokea kaajali mwanzoni mwa mwezi. Niliigonga stuli kwa goti, ikamwagika kidogo kwenye zulia. Niliokota karibu yote. Lakini jana nimeipima kwenye mzani, na mdogo wangu, imepungua mno! Imepungua zaidi ya nilivyomwaga. Sasa niambie, chumba kile anaingia nani? Mimi, Mama asiyeweza kusimama, na Mama Pacha. Nimemkuta mara mbili amepiga magoti karibu na stuli ana karatasi mkononi. Nikiingia anaificha kwenye kanga. Watu mitaani wanasema zebaki ina wanunuzi.

Sisemi kitu bado. Namwangalia tu.

Namba za wiki tatu zimo kwenye karatasi ya pili.

Kaka yako

*

Bandarini, 2 Julai

Kaka,

Habari za Mama nimezisoma nimesimama kwenye ngazi ya meli, watu wakinipita. Jino? Lete daktari mwingine. Huyo wa kumpiga mtu mgongoni kama punda mwambie asirudi.

Halafu namba zako. Nimeziweka kwenye ramani zote, nikafuta penseli nikaziweka tena. Wiki ya kwanza nyumba yetu iko mahali pake. Wiki ya pili imetoka nje ya mji. Wiki hii ya mwisho iko kusini, majini kabisa, maili hamsini kutoka pwani, Mama na kitanda chake, Mama Pacha na sufuria yake. Ningekuwa na roho nyepesi ningecheka. Wewe ni fundi saa, kaka. Nimekuona ukishika springi nyembamba kuliko unywele na mkono haukutingishika. Mkono huo leo unanipa maili hamsini?

Naomba usikasirike. Unakunywa? Mwandiko wako wenyewe unayumba. Ukiwa umechoka na Mama sema umechoka, nani atakulaumu? Siyo mimi.

Kuhusu Mama Pacha sijui niseme nini. Miaka yote hiyo hakuwahi kugusa hata kijiko. Lakini uliyeko huko ni wewe, na mimi siwezi kuamua mambo ya ndani ya nyumba kutoka huku. Kama kweli umemshika, mwache aende, utafute mwingine.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 14 Julai

Baharia,

SINYWI. Umenisikia? Uliwahi kuniona na chupa gani, zaidi ya hii ya chuma uliyoniletea mwenyewe?

Mama Pacha ameondoka jana. Nilimwambia afungue karatasi aliyoshika na ndani yake ilikuwemo zebaki yangu, inazungukazunguka. Eti anamwokotea Mama. Mama! Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. Sijui zile kelele zilitoka wapi. Mimi si mtu wa kelele.

Duka nimelifunga kwa muda, macho yamechoka. Mama namhudumia mwenyewe. Haongei na mimi. Anageukia ukutani.

Usiniletee habari za ramani. Chombo hakidanganyi. Labda ramani yako ndiyo mbovu.

Kaka

*

16 Julai

Dada mpendwa,

Ni mimi Mama Pacha. Anwani ya kampuni ya meli nimeinakili kutoka kwenye bahasha zako za zamani, unisamehe. Sijakuandikia kuomba kazi. Kazi zipo, hata kama si kama ile. Nimekuandikia kwa sababu sijui Mama sasa anageuzwa na nani kitandani.

Kaka amesema mimi mwizi wa zebaki. Dada, mimi niibe maji ya chuma? Nikayapikie nini?

Ukweli ni huu. Siku kaka alipoimwaga, aliokota ile aliyoiona. Iliyobaki ilikuwa vitone vidogo vidogo, kwenye manyoya ya zulia na kwenye nyufa za mbao. Nikifagia vinakimbia. Vinagawanyika, vinakutana, huwezi kuvikamata. Mama alikuwa ananitazama kitandani akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Akasema, "Usivitupe, nipe mimi." Basi nikawa navikusanya kwa karatasi navimwagia kwenye kisosi, na yeye anavizungusha kwa kidole kutwa nzima, anavitenganisha, anavirudisha. Kisosi anakiweka chini ya mto. Aliniapisha nisimwambie kaka kwa sababu kaka angekichukua kwa ajili ya chupa yake. Ndiyo furaha pekee iliyombakia, nikaona nimfichie. Kama hilo ni kosa, nimekosa.

Jambo jingine. Kaka naye anatetemeka. Anaficha mikono mfukoni. Saa alizoletewa amezirudisha hazijatengenezwa, na moja alimrushia mwenye saa kifuani, yeye aliyekuwa anamwomba radhi hata paka. Ufizi unamtoka damu, anatema kwenye leso anaikunja. Hakunywa hata tone, mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zake, pombe ningeinusa.

Watu wawili nyumba moja, ugonjwa mmoja. Mimi sikusoma, lakini dada, huo ni uzee gani unaoambukiza?

Wako,
Mama Pacha

*

Bandarini, 3 Agosti

Kaka, soma hii mpaka mwisho, hata kama una hasira na mimi. Nakuomba kwa jina la Mama.

Ni zebaki! Si uzee, si pombe, si Mama Pacha. Tumefika bandarini leo nikakuta barua ya Mama Pacha, nikamsomea injinia wetu mkuu, mzee wa mashine. Hakunisubiri nimalize. Kasema zebaki ikiachwa wazi kwenye chumba chenye joto inatoa mvuke usioonekana wala kunuka, mnauvuta, unaingia kwenye ubongo. Mikono, meno, machozi, haya, hasira, vyote ni hiyo. Aliwaona watu wa kiwanda fulani wakiisha hivyo hivyo. Na kasema akiondolewa mapema mtu anaweza kurudi, kaka! Mama anaweza kurudi!

Hapa wafanyakazi wa simu wamegoma, siwezi kupiga simu wala kutuma telegramu. Barua tu ndizo zinaondoka, na gari la posta liko getini linaunguruma. Kwa hiyo fanya hivi, leo hii, usingoje kesho:

Mtoe Mama chumba kile, asilale humo tena.

Zebaki irudishe chupani, kaza kifuniko, itoe nje ya nyumba.

Kisosi kiko chini ya mto wake. Kichukue hata akilia.

Injinia kasema pasibaki hata kitambaa kimoja kilichoguswa. Zulia, shuka zake, mto, karatasi, matambara, vyote choma. Choma kila kitu.

Mpeleke hospitali. Na wewe nenda.

Mimi ndiye niliyekitia kitu hiki kwenye kisanduku nikakifungia kwa utepe. Nifanyie haya kaka, nami nitakuomba msamaha nikiwa mbele yako.

Mdogo wako

*

Bandarini, 5 Agosti

Kaka,

USICHOME. Kama hujachoma, usichome kitu chochote!

Leo mezani nilimwambia injinia nimeshakuandikia uchome vyote. Kijiko kilimtoka mkononi. Yeye alisema viondolewe. Kuchoma niliongeza mimi. Mimi, kwa akili zangu, kwa sababu nyumbani uchafu mbaya tunauchoma. Kasema moto ndio unaoigeuza zebaki yote kuwa mvuke kwa mara moja. Ile mliyovuta kwa miezi mtaivuta kwa saa moja. Mapafu hayawezi.

Funga vitu kwenye mifuko, weka nje, wape watu wa hospitali. Fungua madirisha yote. Usiwashe hata kiberiti karibu navyo.

Simu bado wamegoma. Nimekwenda mara tatu leo, nimepiga mlango wao mpaka mlinzi kanisukuma. Barua inaondoka na ndege ya kesho kutwa. Najiambia wewe huwa huchomi kitu. Wewe ni mkusanyaji, hata maboksi matupu unayatunza. Najiambia bado una hasira na mimi na ya kwanza hujaifungua. Kaka, iwe hivyo. Uwe na hasira.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 10 Agosti

Mama Pacha,

Samahani kwa mwandiko, kalamu hainisikii. Nimempa barua hii jirani akuletee.

Nimekukosea. Leo asubuhi imefika barua ya mdogo wangu na imenifungua macho. Zebaki ndiyo iliyotufanya hivi, Mama na mimi. Wewe ulikuwa unamfurahisha mgonjwa, mimi nikakutukana mbele ya watu. Sina cha kusema cha kutosha. Ukitaka kunifokea na wewe, njoo unifokee mpaka majirani watoke.

Nimefanya yote aliyoagiza, moja baada ya jingine, na kila nililomaliza nimelipigia alama kwenye barua yake. Chupa iko uani. Mama nimembeba mwenyewe nikamtoa chumbani, amekuwa mwepesi kama kapu. Nimemkalisha jikoni karibu na jiko la kuni, ndipo penye joto. Mvua haijakatika tangu jana, kwa hiyo kuchoma nje haikuwezekana. Nimelikata zulia vipande vipande nimelichoma humo humo jikoni, na shuka, na mto, na yale matambara. Kisosi alikataa kukitoa. Nilimwambia Baharia ndiye aliyesema. Akanitazama, akanipa. Nikamimina kilichokuwemo motoni mbele yake, apate kuona kimekwisha.

Moshi ulikuwa mzito na milango nilifunga kwa ajili ya baridi, tumekohoa wote wawili mpaka tukaanza kuchekana. Mama Pacha, amecheka! Na amesema maneno. Amesema, "Umeunguza nini tena, wewe mtoto?" Ni mara ya kwanza ananisemesha tangu ulipoondoka.

Kifua kinanibana kidogo, nadhani ni huo moshi. Njoo kesho, tafadhali. Nitaweka chai.

Fundi saa

*

Hospitali, 22 Agosti

Mdogo wangu Baharia,

Nasema mimi, anaandika Mama Pacha, kwa sababu mikono yangu imegoma kama watu wako wa simu.

Mama ametutoka. Alitutoka tarehe 13, mchana, hapa hospitali, Mama Pacha akiwa amemshika mkono. Daktari alisema moyo. Moyo wa mtu wa umri ule huchoka tu, hata angekuwa hajawahi kuiona zebaki. Alikuuliza wewe. Nilimwambia uko njiani, akaridhika.

Nataka ujue jambo moja ulishike sana. Barua zako mbili zilifika siku moja. Pale posta walizifunga pamoja kwa uzi, uzi wa bluu, na iliyokuwa juu ilikuwa ile ya pili. Nikaifungua hiyo kwanza. Nikakaa kwenye kiti cha Mama nikaisoma mara mbili. Halafu ndipo nikaisoma ya kwanza. Kwa hiyo sikuchoma kitu. Zulia tuliliviringisha tukaliweka uani na likachukuliwa na watu wa manispaa, wenye gari la njano. Ulinionya kwa wakati. Umesikia, mdogo wangu? Kwa wakati.

Mimi nimelazwa kwa uangalizi tu. Mama Pacha anataka kuandika kwamba nakohoa usiku kucha. Nimemwambia asiandike. Ameandika.

Vyombo vyote nimempa daktari wa meno, isipokuwa sekstanti ile ya kwanza, ni yako.

Kaka yako

*

Bandarini, 8 Septemba

Mama Pacha,

Barua hii usimwonyeshe kaka.

Nimeomba kuvunja mkataba, wamenikatalia mpaka tufike bandari ya mwisho. Nitakuwa nyumbani mwanzo wa mwezi wa kumi. Mama nimemlilia chini kwenye stoo ya kamba, pasiposikika. Wewe nilikuacha ufukuzwe kama mwizi kwa mistari miwili ya barua, na wewe ndiye uliyemfumba Mama macho. Nikifika nitapiga magoti, usinizuie.

Lakini kuna kitu kinachonila. Kaka namjua tangu utoto. Akisema kweli, anasema maneno matatu. Akidanganya, anapamba. Na barua ile ina uzi wa bluu, ina kiti cha Mama, ina gari la njano. Ni nani aliyemuuliza rangi ya uzi?

Nimekaa na injinia nikamuuliza kama mtu anayeacha kuvuta zebaki anaanza kukohoa. Alitazama pembeni, akaniambia nikapumzike.

Wewe ulifika pale nyumbani. Wewe uliona. Kama waliungua kwa maneno yangu, niambie. Nina haki ya kujua nilichomfanyia mama yangu. Nikiwa zamu usiku naona mkono wangu unaandika neno lile, naona unavyoliandika. Nijibu kwa kweli, Mama Pacha, lolote utakalosema nitaliamini: kulichomwa kitu?

Baharia

*

23 Septemba

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, kama ulivyotaka.

Kaka hajambo kidogo. Anakaa kitini sasa, karibu na dirisha la wodi, ila jua likimfikia anaomba asogezwe. Kila nikija ananiuliza kama umeandika. Leo nitamwambia bado.

Uliniuliza neno moja, na umesema utaniamini. Mimi ndiye niliyefika kwanza pale nyumbani, tarehe 11 asubuhi. Mlango nilifungua mimi, jikoni niliingia mimi, Mama nilimbeba mimi na jirani tukampeleka hospitali. Barua zako zilikuwa mezani zote mbili, zimefungwa kwa uzi. Rangi yake sikumbuki, kaka ndiye mtu wa rangi. Jiko lilikuwa baridi, halina hata jivu.

Hakuna kilichochomwa, dada. Ulale.

Kuna karatasi kaka aliyoniandikia alipokuwa ananiomba radhi, ulisema siku moja ungependa kuona barua zake zote. Hiyo sinayo tena, ililowana na mvua.

Ukija utakuta nyumba safi. Nimepiga deki chumba cha Mama kama watu wa hospitali walivyonielekeza, na madirisha yako wazi mchana na usiku. Wewe nimekutandikia chumba cha mbele. Na ukiona ukuta wa jikoni una chokaa mpya, usishangae, niliupaka mimi mwenyewe. Ulikuwa umechakaa tu.

Wako,
Mama Pacha